Joško Gvardiol: Messi alimpita mbele ya dunia, na kabla ya miezi minane akauzwa kwa Euro milioni 90

Ilikuwa dakika ya 69 ya nusu fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 13 Desemba 2022, katika uwanja wa Lusail nchini Qatar. Lionel Messi alipokea mpira upande wa kulia, karibu na mstari wa katikati. Mgongoni mwake alikuwa kijana wa Kroatia mwenye miaka 20, amevaa barakoa nyeusi usoni. Messi alikimbia, akapunguza mwendo, akakimbia tena, akageuka, akaingia eneo la penalti mpaka karibu na mstari wa goli, kisha akampa Julián Álvarez pasi ya bao la tatu. Argentina 3, Kroatia 0.

Video ya sekunde hizo ilizunguka kwenye simu za watu duniani kote. Wengi ambao hawakuwahi kusikia jina la Joško Gvardiol walilijua usiku huo, tena kwa njia ambayo hakuna beki anayeitamani. Kwa siku kadhaa alikuwa tu yule kijana wa barakoa aliyezungushwa na Messi.

Lakini watu wanaolipwa kutazama mpira waliona jambo lingine. Tarehe 5 Agosti 2023, kabla ya miezi minane kutimia, Manchester City ya Uingereza, iliyokuwa imetoka kuchukua ubingwa wa Ulaya, ilitangaza kumsajili kijana huyo huyo. Bei iliyotajwa ilikuwa Euro milioni 90, sawa na paundi milioni 77, na Gvardiol akaingia katika orodha ya mabeki ghali zaidi katika historia ya mpira.

Inakuwaje beki aliyeaibishwa mbele ya dunia nzima aongezeke thamani? Ukifuata safari yake tangu Zagreb hadi Manchester, utaona kwamba kazi ya beki ina kipimo chake, na kipimo hicho hakitoshi kuonekana katika video ya sekunde kumi.

Mtoto wa muuza samaki

Gvardiol alizaliwa Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, tarehe 23 Januari 2002. Baba yake anauza samaki katika soko la Dolac, soko kubwa la wazi lililo katikati ya mji, si mbali na kanisa kuu. Ni kazi ya kuamka kabla ya jua, na nyumba inayoishi kwa kazi hiyo haina pesa za kuchezea.

Alianza mpira mtaani kwao, na akiwa bado mdogo akaingia katika shule ya mpira ya Dinamo Zagreb. Kwa nchi kama Kroatia, shule hiyo ni kama kiwanda. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wasiofika milioni nne katika nchi nzima. Hata hivyo, Kroatia ilishika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 1998, ikafika fainali mwaka 2018, na ikarudi nafasi ya tatu mwaka 2022. Luka Modrić alipita Dinamo kabla ya kwenda Tottenham mwaka 2008. Mateo Kovačić alipita hapo kabla ya kuuzwa kwa Inter Milan mwaka 2013. Klabu inalea, inawachezesha vijana mbele ya watu, halafu inauza, na pesa ya mauzo inalea wengine.

Ila kuingia katika kiwanda si kutoka ukiwa umekamilika. Gvardiol mwenyewe amesimulia kwamba kuna kipindi, akiwa kijana, hakuwa akipata nafasi ya kucheza, akakata tamaa na kufikiria kuacha mpira wa miguu ili acheze mpira wa kikapu pamoja na wenzake wa shule. Angefanya hivyo, hakuna mtu nje ya mtaa wake angelijua jina lake leo. Alibaki, na mambo yakaanza kubadilika.

Oktoba 2019, akiwa na miaka 17, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi katika timu ya wakubwa ya Dinamo. Msimu huo timu ilichukua ubingwa wa nchi. Mwaka mmoja baadaye majina makubwa yalianza kupiga hodi.

Kuuzwa, lakini kubaki nyumbani

Mwaka 2020 Leeds United ya Uingereza ilimtaka. RB Leipzig ya Ujerumani ilimtaka pia, na mwishoni mwa Septemba mwaka huo Leipzig ndiyo iliyoshinda. Bei iliyotangazwa na vyombo vya habari ilikuwa kama Euro milioni 16 bila kuhesabu nyongeza, pesa nyingi sana kwa kijana wa miaka 18 kutoka ligi ya Kroatia.

Sehemu ya mkataba iliyozungumzwa kidogo ndiyo iliyomfaa zaidi. Leipzig ilimnunua, kisha ikamwacha Dinamo kwa mkopo wa msimu mzima. Badala ya kwenda kukaa kwenye benchi Ujerumani, kijana alibaki mahali anapojulikana, akacheza kila wiki, akakosea na kujirekebisha mbele ya watu wa kwao.

Msimu huo wa 2020-21 ulikuwa shule ya kweli. Dinamo ilichukua ubingwa na kombe la Kroatia. Katika Ligi ya Europa ilipangwa na Tottenham ya kocha José Mourinho, ikapoteza 2-0 mjini London. Siku tatu kabla ya marudiano, kocha wa Dinamo, Zoran Mamić, alijiuzulu baada ya mahakama kuthibitisha hukumu yake ya kifungo. Watu wengi waliona habari imekwisha.

Tarehe 18 Machi 2021, Mislav Oršić alifunga mabao matatu, la mwisho katika muda wa nyongeza, na Dinamo ikaitoa Tottenham kwa ushindi wa 3-0. Kila mtu anakumbuka mabao ya Oršić. Wachache wanakumbuka kwamba Dinamo ilimaliza dakika 120 bila kuruhusu bao hata moja mbele ya Harry Kane, na kwamba beki wa kushoto usiku huo alikuwa kijana wa miaka 19 aitwaye Gvardiol. Hapo tayari kanuni ya kazi yake ilikuwa imejionyesha: mshambuliaji anakumbukwa kwa alichofanya, beki anakumbukwa kwa kilichomshinda.

Miezi mitatu baadaye, kocha Zlatko Dalić alimpanga katika mechi ya kwanza ya Kroatia kwenye mashindano ya Euro, dhidi ya Uingereza, uwanjani Wembley. Kroatia ilipoteza 1-0, lakini Gvardiol akawa mchezaji mdogo kuliko wote kuichezea Kroatia katika mashindano makubwa. Alikuwa amevaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza wiki moja tu kabla ya siku hiyo.

Leipzig na ndugu wa damu ya Kongo

Alipofika Leipzig katikati ya mwaka 2021, alikuta timu yenye sura ambazo wasomaji wetu wanazijua. Christopher Nkunku na Nordi Mukiele, Wafaransa wenye asili ya Kongo, walikuwa nguzo za kikosi hicho. Alikuwepo pia Dani Olmo, Mhispania aliyekuwa amelelewa Dinamo kabla yake, kwa hiyo mgeni hakukosa mtu wa kuongea naye lugha ya nyumbani.

Leipzig ni klabu changa, iliyoanzishwa mwaka 2009, na hadi wakati huo haikuwa na kombe kubwa. Mei 2022 ilichukua Kombe la Ujerumani kwa kuishinda Freiburg kwa penalti, baada ya Nkunku kusawazisha timu ikiwa na watu kumi uwanjani. Mwaka uliofuata ilitetea kombe hilo kwa kuishinda Eintracht Frankfurt 2-0, na Nkunku akafunga tena. Gvardiol aliondoka Ujerumani na makombe mawili katika misimu miwili.

Huko ndiko alikogeuka kuwa beki wa kati anayetafutwa. Sababu moja ni mguu wake wa kushoto. Mabeki wengi wa kati wanatumia mguu wa kulia. Beki wa mguu wa kulia akiwekwa upande wa kushoto, kila anapopokea mpira inabidi augeuze kwanza, na katika sekunde hiyo mshambuliaji wa adui anakuwa tayari amemfikia. Wa mguu wa kushoto anapokea na kupiga pasi mbele kwa mwendo mmoja. Timu za siku hizi zinajenga mashambulizi kuanzia kwa kipa, na kwao sekunde hiyo moja ina bei. Mchezaji mwenye mguu huo, mwenye kasi, mwenye nguvu za mwili na asiyeogopa kutembea na mpira ni wa kutafuta kwa tochi.

Mwezi Agosti 2022 Chelsea ilikuja na pesa nyingi. Leipzig ikakataa. Siku chache baadaye Gvardiol aliongeza mkataba mpaka mwaka 2027. Kwa mara ya pili katika maisha yake ya mpira, alikuwa ameitwa mbali akabaki mahali anapocheza.

Barakoa nyeusi

Siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Qatar, Leipzig ikicheza na Freiburg, Gvardiol aligongana na mwenzake Willi Orban, akavunjika pua. Angeweza kukosa mashindano. Alitengenezewa barakoa ya kulinda uso, akapanda ndege.

Alianza mechi zote saba za Kroatia. Tarehe 1 Desemba, ilipokutana na Ubelgiji, Kroatia ilihitaji sare tu. Baada ya mapumziko aliingia Romelu Lukaku, mtoto wa Roger Lukaku aliyewahi kuichezea nchi yetu ikiitwa Zaire. Lukaku alipata nafasi baada ya nafasi, mpira mmoja ukagonga mlingoti, mwingine ukapita juu. Safu ya ulinzi ya Kroatia haikuanguka. Mechi iliisha 0-0, Ubelgiji ikarudi nyumbani.

Halafu ikaja Japani, 1-1 na penalti. Halafu Brazili, 1-1 na penalti tena, baada ya Neymar kufunga katika muda wa nyongeza na Bruno Petković kusawazisha dakika ya 117. Katika mechi zote tano za kwanza mpaka hapo Argentina ilipokuwa inasubiri, Kroatia haikuwahi kufungwa zaidi ya bao moja ndani ya mechi. Mabao iliyofungwa yalikuwa matatu tu: la Kanada, la Japani na la Neymar. Watu waliotazama kwa makini walikuwa tayari wanamtaja Gvardiol kama mmoja wa mabeki bora wa Qatar.

Ndipo likaja lile la dakika ya 69.

Tulitazame tena kwa utulivu. Kroatia ilikuwa nyuma kwa mabao mawili. Timu iliyo nyuma 2-0 katika nusu fainali inapanda mbele, na nyuma kunabaki uwanja mtupu. Gvardiol alibaki peke yake na Messi, mbali na goli, bila mtu wa kumsaidia. Angeweza kumvuta jezi na kula kadi. Alichagua kukimbia naye bega kwa bega, na alikuwa bado karibu naye mpaka mwisho. Aliyempita ni mtu ambaye kwa karibu miaka 20 amewapita mabeki wa kila rangi na kila umri.

Baada ya mechi Gvardiol hakutafuta visingizio. Alisema kwamba siku moja atawasimulia watoto wake kuwa aliwahi kumkaba mchezaji mkubwa kuliko wote kwa dakika 90.

Siku nne

Tarehe 17 Desemba, siku nne tu baada ya usiku ule, Kroatia ilicheza na Moroko kutafuta nafasi ya tatu. Dakika ya saba, mpira wa adhabu ulipigwa, Ivan Perišić akaurudisha katikati kwa kichwa, na mtu wa barakoa akaruka mbele mzima mzima akaupiga kichwa. Bao. Moroko ilisawazisha dakika mbili baadaye kupitia Achraf Dari, kisha Oršić akafunga la ushindi. 2-1, na medali ya shaba.

Gvardiol akawa Mkroatia mdogo kuliko wote kufunga bao katika Kombe la Dunia. Video ya bao hilo haikuzunguka hata robo ya ile ya Messi.

Miezi miwili baadaye jambo kama hilo likajirudia katika Ligi ya Mabingwa. Tarehe 22 Februari 2023 Manchester City ilikwenda Leipzig, ikatangulia kwa bao la Riyad Mahrez. Dakika ya 70 Gvardiol aliruka juu ya mabeki wa City akasawazisha kwa kichwa, 1-1. Lakini tarehe 14 Machi, katika marudiano mjini Manchester, Erling Haaland alifunga mabao matano peke yake. City 7, Leipzig 0. Gvardiol alikuwa katikati ya ulinzi uliobomolewa.

Kwa shabiki wa kawaida, beki aliyefungwa saba si wa kununuliwa. City, yenyewe iliyofunga hizo saba, ndiyo iliyotoa Euro milioni 90 miezi mitano baadaye. Kocha Pep Guardiola na watu wake walikuwa wamekaa kwenye mstari wa uwanja mara mbili wakimtazama: mara moja akiwafunga, mara moja akizama pamoja na wenzake. Walinunua walichokiona katika dakika 180 na katika misimu miwili ya Ujerumani.

Kuna kichekesho kidogo ndani yake. Gvardiol amewahi kusema kwamba tangu utotoni yeye na baba yake walikuwa wanashabikia Liverpool. Maisha ya mpira yalimpeleka kwa wapinzani wakubwa wa Liverpool wa miaka hiyo, klabu ambayo kwa muda mrefu iliongozwa uwanjani na beki mwingine, Vincent Kompany, mwenye baba Mkongomani.

Beki anayefunga mabao

Mwanzo wa Manchester haukuwa mtelezo. City ilikuwa na mabeki wengi wazuri, na Guardiola alimweka zaidi upande wa kushoto kuliko katikati. Kazi ya beki wa pembeni wa Guardiola si kukimbia kwenye mstari na kupiga krosi tu. Timu ikiwa na mpira, anaingia ndani kama kiungo, au anapanda mpaka mbele ya eneo la penalti. Mpira ukipotea, lazima awe amerudi. Ni kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja, na inahitaji kichwa kinachosoma mechi haraka. Kovačić, mwenzake wa timu ya taifa, alikuwa ametangulia kufika City kiangazi kile kile, na uwepo wake ulisaidia.

Makombe yalianza kuja mapema: UEFA Super Cup dhidi ya Sevilla Agosti 2023, kisha Kombe la Dunia la Klabu Desemba mwaka huo. Lakini mchezaji mwenyewe aliamka kweli mwezi Aprili 2024.

Tarehe 9 Aprili, katika uwanja wa Real Madrid, alipokea mpira nje ya eneo la penalti akapiga kwa mguu wa kulia, ule ambao si wake, na mpira ukakaa juu wavuni. Lilikuwa bao lake la kwanza City, katika sare ya 3-3. Siku nne baadaye akaifunga Luton. Mwisho wa mwezi akaifunga Nottingham Forest kwa kichwa. Tarehe 11 Mei akaifunga Fulham mara mbili katika ushindi wa 4-0. Mabao matano katika muda wa mwezi mmoja na kidogo, wakati City ikipigania kila pointi na Arsenal. Tarehe 19 Mei City ilichukua ubingwa kwa pointi 91, Arsenal wakiwa na 89. Ulikuwa ubingwa wa nne mfululizo, jambo ambalo hakuna klabu ya Uingereza iliyowahi kulifanya. Tofauti ya pointi mbili! Bila mabao ya beki huyo, nani anajua hesabu ingesomekaje.

Wembley ikamkumbusha

Ungedhani hapo hadithi imenyooka. Siku sita baada ya ubingwa, tarehe 25 Mei 2024, City ilicheza fainali ya Kombe la FA na Manchester United uwanjani Wembley. Dakika ya 30 mpira mrefu ulikuja upande wa Gvardiol. Alitaka kumrudishia kipa Stefan Ortega kwa kichwa, lakini kipa alikuwa tayari ametoka golini. Mpira ukampita, Alejandro Garnacho akaukuta na goli tupu. United ikashinda 2-1.

Kosa hilo halikuwa la Messi wala la Haaland. Lilikuwa lake na kipa wake, katika mawasiliano ya sekunde moja. Na mwezi uliofuata, kwenye Euro 2024 nchini Ujerumani, Kroatia ilifungwa 3-0 na Hispania, ikatoka 2-2 na Albania, na katika mechi ya mwisho Italia ikasawazisha dakika ya 98. Kroatia ikatolewa kwenye makundi.

Ndani ya wiki tano hivi mtu yule yule alikuwa bingwa wa Uingereza, mkosaji wa Wembley na mchezaji wa timu iliyorudi nyumbani mapema. Hayo ndiyo maisha ya beki. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja, anabebwa mabegani. Beki akiokoa mara tano na kukosea mara moja, kesho yake picha yake iko kwenye kurasa za mbele.

Jibu la Gvardiol lilikuwa lile lile la Qatar: mechi inayofuata. Msimu wa 2024-25 City ilidhoofika, ikapoteza ubingwa wake, lakini yeye aliendelea kufunga. Aliifunga Newcastle, aliifunga Wolves kwa shuti la mbali, aliifunga Manchester United kwa kichwa katika mechi ambayo City ilikuja kuipoteza dakika za mwisho, aliifunga Chelsea. Na kwa taifa lake, tarehe 18 Novemba 2024 mjini Split, Kroatia ikiwa nyuma 1-0 mbele ya Ureno, alisawazisha dakika ya 65. Sare hiyo iliipeleka Kroatia robo fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya.

Mabeki wawili, siku mbili

Novemba 2025 ilileta kitu ambacho mashabiki wa Goma, Bukavu au Bunia wanaweza kukipima wenyewe. Tarehe 13, mjini Rabat, Kongo na Kameruni walikuwa 0-0 hadi dakika 90 zikaisha. Katika muda wa majeruhi nahodha wetu Chancel Mbemba alifunga kwenye kona, na Leopards wakasonga mbele. Siku tatu baadaye penalti yake ndiyo iliyoitoa Nigeria.

Tarehe 14, siku moja tu baada ya bao la Mbemba, Kroatia ilikuwa mjini Rijeka ikicheza na Visiwa vya Faroe. Wageni walitangulia, na uwanja ukanyamaza. Aliyesawazisha alikuwa Gvardiol. Kroatia ikashinda 3-1 na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la 2026.

Mabeki wawili, mechi mbili, mabao mawili yaliyofungua njia. Kila mtu kwetu anakumbuka kona ile ya Rabat. Ni wangapi wanakumbuka mipira ambayo Mbemba aliitoa kwa kichwa katika dakika 90 zilizotangulia, ile iliyofanya 0-0 ibaki 0-0 mpaka kona ikafika?

Hilo ndilo somo ambalo kijana wa miaka 15 anayewekwa nyuma kwenye timu ya mtaa, huku rafiki zake wote wakitaka kuwa namba tisa, anaweza kulichukua kutoka kwa mtoto wa muuza samaki wa Zagreb. Gvardiol hakuharakishwa: alikaa Dinamo mwaka mmoja zaidi akiwa tayari ameuzwa, akakaa Leipzig mwaka mmoja zaidi wakati Chelsea ilikuwa na pesa mezani. Kila mara alichagua mahali ambapo atacheza. Na kila alipopitwa, kwa bahati mbaya au kwa kosa lake, wiki hiyo hiyo au mwezi huo huo alikuwa tena uwanjani, mahali pale pale, akingoja mpira unaofuata.

Alipofikisha miaka 23 alikuwa tayari na medali ya Kombe la Dunia, ubingwa wa Kroatia na wa Uingereza, na makombe mawili ya Ujerumani. Mabeki wa kati wengi hukomaa wakikaribia miaka 30. Maana yake ni kwamba washambuliaji wa dunia bado wana miaka mingi ya kukutana naye. Wengine watampita. Wenye klabu, kama walivyofanya baada ya Lusail, watahesabu wale ambao hawakupita.